Siku niliyoona uchafu wa meno yangu kwenye hadubini

Kwa miaka mingi mi nilikuwa najua kuna kitu kimoja tu kinaitwa vijidudu. Vikiingia unaumwa, vikitoka umepona, na cha kuvitoa ni zile kapsuli za rangi mbili, basi. Mafua yakibana, kapsuli. Koo likikwaruza, kapsuli. Alafu siku ya 3 nikishapata nafuu naziacha, zilizobaki natunza kwenye droo kwa ajili ya mafua yajayo au nampa mtu mwingine anayekohoa, tena naona nimefanya wema kabisa.

Sasa kuna mwaka nikapata mafua ya kunilaza, siku 4 sinyanyuki, viungo vyote vinauma mpaka nahisi nywele nazo zinauma. Siku ya 5 nikajikokota kwenda kumwona daktari. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, akasikiliza mapafu, akamulika koo, akauliza maswali mengi alafu akasema, "Mwanangu, hivi ni virusi. Nenda kapumzike, kunywa maji ya kutosha, meza dawa ya kushusha homa. Ila ukiona umepata nafuu alafu homa imerudi upya, au unahema kwa shida, usikae nyumbani, rudi." Nikamuuliza, na antibayotiki, zile kapsuli zangu? Akasema hapana. Nikamwambia lakini dokta makamasi yameshakuwa ya kijani. Akatabasamu tu. Hapana.

Nilitoka pale nimenuna. Yaani nikae foleni na homa yote ile alafu niambiwe nikanywe maji? Jioni nikampigia shemeji yangu, mume wa dada, yeye ni mtu wa maabara, nikamwagia malalamiko yote. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza swali moja: "Sasa shem, ulitaka akupe dawa ya kuua nini?" Nikasema si virusi. Akacheka sana, cheko la mtu aliyesikia hilo jibu mara elfu. "Ukipona njoo jumamosi moja niko zamu. Kuna kitu nataka ukione."

Nikaenda. Akanipa koti jeupe, akaniambia mikono mfukoni, usishike kitu. Alafu akanipa kijiti, akasema nikwangue hapo fizi inapokutana na jino, nyuma kabisa. Nikatoa kauchafu keupe, kadogo, ka aibu. Akakapaka kwenye kipande cha kioo na tone la maji, akakaacha kakauke, akapitisha kioo juu ya moto mara 3 haraka haraka ili vilivyomo vigande visisombwe na maji. Kisha akamwagia rangi ya zambarau, dakika 1, akasuuza. Iodini, dakika 1, akasuuza. Halafu spiriti, na hapa akaacha kuongea kabisa, anahesabu kimyakimya, maana ikizidi sekunde chache kazi yote imeharibika. Mwisho rangi nyekundu, maji, akakausha kwa karatasi, akadondoshea tone la mafuta juu yake na kushusha lenzi mpaka ikagusa mafuta. "Angalia."

Daah. Kilikuwa kama mkeka mkubwa wa waridi katikati, ule ni ngozi ya ndani ya shavu langu, seli moja tu hiyo, na juu yake kama mtu amemwaga kopo zima la vifungo vya shati. Vya zambarau vya duara, vingine vimeshikana kama tasbihi, vingine vimerundikana. Pembeni vijiti vya waridi, na nyuzi ndefu nyembamba kama nywele. Maelfu ya bakteria. Na nilikuwa nimepiga mswaki asubuhi ile!

Huo mchezo wa rangi una zaidi ya miaka 100. Aliugundua daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, mwaka 1884 akiwa Berlin. Bakteria wenye ukuta mnene wanaing'ang'ania ile zambarau hata ukiwamwagia spiriti, wenye ukuta mwembamba wanaiachia, wanabaki wasafi mpaka ile nyekundu ya mwisho inawapaka wao. Kwa hiyo ndani ya dakika 5 hivi mtu wa maabara anajua anadili na kundi gani, na daktari anajua aanzie dawa ipi.

Uchafu wa meno nao sio mimi wa kwanza kuutazama. Mwaka 1683 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua meno yake akauweka mbele ya kilenzi alichokisugua mwenyewe, kidogo sana, akaona vitu vinatembea. Hakuwa msomi wa chuo, Kilatini hakijui, lakini lenzi zake zilikuwa zinakuza zaidi ya mara 200 na wasomi wa wakati huo walikuwa hawana kitu cha kumfikia. Akawaandikia barua wale wa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, kwamba wanyama waliomo kwenye meno ya mtu mmoja ni wengi kuliko watu wa ufalme mzima. Nampenda huyu mzee. Hakujua wale wanyama wanafanya nini, na alipokufa mwaka 1723 ilibaki zaidi ya miaka 100 kabla watu hawajaanza kuwahusisha kwa uhakika na magonjwa.

Mi nimekaa kwenye ile hadubini kama dakika 10, alafu nikauliza swali ambalo shemeji alikuwa analisubiri. "Sasa shem, na virusi vya mafua viko wapi hapa?"

"Haviko. Yaani hata vingekuwepo milioni, usingeona kitu."

Ngoja niliweke hivi. Chukua bakteria wa kawaida wa tumboni, yule mwenye umbo la kidonge kirefu, urefu wake ni kama mikromita 2, yaani ukiwapanga 500 kwa mstari ndo unapata milimita 1. Sasa mkuze huyo bakteria awe basi la mita 10. Kirusi cha mafua makali kitakuwa begi la mgongoni lililowekwa kwenye siti, kama nusu mita. Kirusi cha polio kitakuwa simu ya dereva. Na unywele wako kwa kipimo hichohicho utakuwa na unene wa mamia ya mita. Mwanga wenyewe tunaoonea hauwezi kuonyesha vizuri kitu kilicho chini ya nanomita 200 hivi (nanomita 1,000 ndo mikromita 1), na kirusi cha mafua ni kama nanomita 100, kwa hiyo tatizo wala sio lenzi mbovu. Ilibidi watu wasubiri hadubini ya elektroni miaka ya 1930 ndo wakavitia machoni.

Ila ukishika ukubwa peke yake utapotea. Wapo bakteria wanaoonekana kwa macho makavu, mwaka 2022 wanasayansi walimtangaza mmoja wa kwenye majani ya mikoko huko Guadeloupe, mrefu kama sentimita 1, mwembamba kama uzi. Na kuna kirusi kilipatikana kwenye maji ya mnara wa kupozea huko Bradford, Uingereza, mwaka 1992, kikubwa mpaka watu wakakaa miaka wanadhani ni bakteria, mwaka 2003 ndo ikatangazwa kwamba ni kirusi. Kwa hiyo mkubwa mdogo haitoshi.

Kilichonifungua mimi ni cherehani. Shemeji hajasema cherehani, hii ni ya kwangu, nimeitafuta njia nzima wakati narudi.

Bakteria ni fundi kamili. Ana kibanda chake, ukuta wake, ana cherehani yake ndani, vitambaa anatafuta mwenyewe, na daftari la vipimo analo, ile DNA, kwa kawaida imezungushwa kama mkufu. Anakula, anatoa taka, wengine wana mkia unaozunguka kama propela wanaogelea kufuata chakula. Akishiba anajigawa, wanakuwa wawili. Hana mume hana mke. Huyo wa tumboni akipata joto na chakula anajigawa kila dakika 20, na hapo ndo hesabu inatisha: 1, 2, 4, 8, ndani ya saa 1 wako 8, ndani ya masaa 10 wamepita bilioni 1. Kinachotuokoa ni kwamba chakula kinaisha na taka zao wenyewe zinawakaba. Sio wote wana haraka hivo. Wa kifua kikuu anachukua karibu siku nzima kujigawa mara moja, na hiyo ni moja ya sababu dawa zake zinanywewa miezi 6, maana dawa nyingi zinamkamata fundi akiwa kazini, sasa huyu muda mwingi kalala.

Kirusi sio fundi. Kirusi ni kikaratasi cha vipimo. Hakina cherehani, hakina uzi, hakina kitambaa, hakili, hakipumui, hakikui. Ni maelekezo tu, DNA au binamu yake RNA, yamefungwa kwenye ganda la protini, na vingine vina koti la mafuta juu yake. Kikiwa juu ya meza kimelala tu kama karatasi yoyote. Lakini kikiingia kwenye kibanda cha fundi, yaani seli yako, fundi wako hana macho ya kutofautisha kikaratasi cha mteja halali na cha tapeli. Anakisoma. Anaanza kushona. Anashona vikaratasi vingine na maganda yake, mamia mpaka maelfu, kwa uzi wako na umeme wako, mpaka kibanda kinapasuka au vinatoka kimoja kimoja mlangoni kwenda kwa fundi jirani.

Utaona bakteria namwita yeye na kirusi nakiita kile. Mwanzo nilikuwa naandika tu inavyokuja mdomoni, alafu nikagundua ulimi umeshatenganisha kazi yenyewe.

Hata wagunduzi walihangaika hapohapo. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichukua majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, akayaponda, maji yake akayapitisha kwenye chujio la kauri ambalo bakteria hapiti, alafu akayapaka kwenye jani zima. Likaugua. Akahisi labda chujio bovu au ni sumu ya bakteria. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck akarudia, na huyu naye alikuwa Delft, mji uleule wa mzee wa vitambaa, sijui huo mji una nini. Yeye akasema hapana, hiki ni kitu kingine, kinaongezeka ndani ya mmea ulio hai tu, nje hakiongezeki. Akakiita virusi, neno la Kilatini la sumu. Kisha mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley akakigeuza fuwele. Fuwele kabisa kama za chumvi, anaweka kwenye chupa, baadaye anayeyusha anapaka kwenye jani, tumbaku inaugua vilevile. Hebu jaribu kumgeuza paka kuwa fuwele alafu umrudishe. Watu wakaanza kubishana kirusi ni kiumbe hai au sio, na wanabishana mpaka leo. Nilimuuliza shemeji, akasema "sijui hilo swali linamsaidia mgonjwa gani," akaendelea kuosha vioo.

Ukishakuwa na cherehani kichwani mambo mengine yanajipanga yenyewe. Kwa nini antibayotiki haifanyi kitu kwenye mafua? Kwa sababu antibayotiki zinavunja vitu vya fundi bakteria. Penisilini na ndugu zake, wakiwemo amoksilini, zinazuia asijenge ukuta, akijigawa anapasuka, na wewe hazikugusi kwa sababu seli zako hazina ukuta. Nyingine zinaingia kwenye cherehani yake, ribosomu, ambayo ni ya toleo tofauti kidogo na yako, zinaikwamisha ya kwake ya kwako inaendelea. Sasa kirusi utakivunjia nini? Ukuta hakina. Cherehani kinayotumia ni yako. Ukitaka kukizuia kwa kuvunja cherehani utajivunjia mwenyewe.

Dawa za virusi zipo, msinielewe vibaya, ila kila moja inatafuta kale kadogo ambako kirusi kimekuja nako chenyewe. VVU kwa mfano vinabeba kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, cha kunakili RNA yao kwenda DNA, kinyumenyume na kawaida, kimeng'enya hicho walikigundua Howard Temin na David Baltimore, kila mtu kivyake, mwaka 1970, na ARV nyingi zinakipiga hapohapo. Lakini nakala zilizokwisha kushonewa ndani ya daftari la seli yako zinabaki, zimejificha, ndo maana ARV ukiacha virusi vinarudi. Tetekuwanga nayo ina ujanja wake: unaumwa utotoni unapona, kirusi kinakwenda kulala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, miaka 50 baadaye kinga ikilegea kinatoka kwa jina jingine, mkanda wa jeshi. Kilekile.

Na kila kirusi kina mlango wake. Hakiingii popote. Kwa nje yake kuna protini zinazoshika kitu fulani juu ya seli fulani, wasipofanana hakuna kuingia. Cha mafua kinashika seli za njia ya hewa, VVU vinatafuta chembe nyeupe za damu zenye protini iitwayo CD4 juu yake, cha kichaa cha mbwa kinapanda mishipa ya fahamu polepole kuelekea ubongoni, na huo upolepole ndo unatoa nafasi ya kuchanjwa hata baada ya kung'atwa, mradi uwahi. Dalili zikishaanza basi tena, karibu kila mtu anakufa.

Sabuni nayo niliielewa hapo. Lile koti la mafuta, virusi vya mafua makali wanalo, Korona wanalo, VVU wanalo. Sabuni inayeyusha mafuta, koti likichanika kirusi kimekwisha, kikaratasi kiko uchi hakina pa kushikia. Ila vipo visivyo na koti, kama noro vya kuharisha, hivyo vigumu, vile vijeli vya spiriti vya kupaka mkononi havivifanyi sana, hapo inabidi maji yatiririke na usugue vikaondoke na maji.

Turudi kwa bakteria kidogo maana nawasingizia. Wengi wao hawana habari na wewe. Hesabu iliyotolewa mwaka 2016 inasema mwilini mwa mtu mzima kuna bakteria kama trilioni 38 na seli zake mwenyewe kama trilioni 30, wengi wao wako kwenye utumbo mpana, na wote pamoja wana uzito wa kama gramu 200. Wanatengeneza vitamini K, wanamalizia kumeng'enya yaliyotushinda, na wanakalia nafasi ili wabaya wakose pa kukaa. Hata hewa ya oksijeni tunayovuta, walioanza kuijaza duniani ni bakteria wa majini, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita.

Wale wachache wabaya mara nyingi silaha yao ni sumu. Huyu wa kipindupindu hata kuingia kwenye seli zako haingii, anakaa tu juu ya ukuta wa utumbo anamwaga sumu yake, seli zinafungua chumvi nje, maji yanaifuata, na mtu anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Ndo maana kinachookoa kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, dawa inafuata. Wa pepopunda yeye anasubiri kwenye udongo miaka mingi amejifunga ndani ya ganda gumu, akiingia kwenye kidonda kirefu kisicho na hewa anaamka anatoa sumu inayozuia misuli isilegee. Chanjo yake inaufundisha mwili kuidaka sumu, mdudu mwenyewe wala haijihusishi naye.

Na makamasi ya kijani? Hiyo ndo ilinitia aibu zaidi, maana nilimtajia yule mama kama ushahidi. Ule ukijani ni wa kwangu. Chembe nyeupe za damu zinazokuja kupigana zina kimeng'enya chenye rangi ya kijani, zikifa kwa wingi makamasi yanachukua rangi hiyo, awe bakteria au kirusi. Homa nayo ni mwili wenyewe umepandisha joto. Maumivu ya viungo, yale ya mpaka kwenye nywele, ni askari wangu wanapigiana kelele. Kirusi kimeingia kwenye seli za koo na pua tu, vurugu zote zingine nilijifanyia mwenyewe.

Alichosema yule mama mwishoni, kwamba homa ikirudi baada ya nafuu nirudi, nacho kina maana yake. Kirusi kikishachubua njia ya hewa, bakteria waliokuwa wamekaa kistaarabu kooni wanapata njia ya kushuka kwenye mapafu. Wengi wa waliokufa kwenye homa ile kubwa ya mafua ya mwaka 1918 walimaliziwa na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma yake, na wakati ule antibayotiki hakuna. Kwa hiyo yeye hakuwa mchoyo wa kapsuli. Alikuwa anazitunza kwa ajili ya siku yenyewe.

Penisilini yenyewe Alexander Fleming aliiona London mwaka 1928, ukungu umeota kwenye sahani yake na pembeni yake bakteria wamekufa, lakini ilikaa zaidi ya miaka 10 mpaka Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford wakaweza kuichuja. Mwaka 1941 wakampa polisi mmoja aliyekuwa anaoza uso kwa maambukizi. Akaanza kupona, akala, homa ikashuka. Dawa ikaisha. Walikuwa wanakusanya mkojo wake wanachuja penisilini iliyotoka wanamrudishia tena, na bado haikutosha, akafa. Mi nikisoma hiyo nakumbuka droo yangu.

Fleming akipokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimulia mtu wa kubuni, bwana mmoja anaumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anakula kidogo isiyotosha kuwaua bakteria lakini inatosha kuwafundisha kuivumilia, kisha anamwambukiza mke wake, mke anapata nimonia, penisilini inagoma, mke anafariki. Mwaka 1945! Dawa haijakaa hata sokoni vizuri na mwenye nayo ameshanichora mimi na koo langu.

Maana kila nilipomeza zile kapsuli kwa ajili ya mafua, kirusi hakikujua hata kama nimemeza kitu, lakini trilioni zile za tumboni zilijua. Walegevu wakafa, wagumu wakabaki na nafasi yote. Na bakteria wana tabia moja mbaya kuliko kuzaana, wanagawiana karatasi. Kuna vijidaftari vidogo vya ziada vya duara, plasmidi, anaweza kumpa jirani yake kupitia kimrija, hata jirani wa ukoo mwingine kabisa, na ndani yake mara nyingine kumeandikwa namna ya kutengeneza kimeng'enya cha kuikata penisilini vipande. Kwa hiyo mmoja akijua, mtaa mzima umejua.

Haya nilikuwa nimeyasikia-sikia. Ila kabla sijaondoka ile jumamosi shemeji alifungua kabati la joto akatoa sahani ya plastiki yenye jeli, ya mgonjwa mmoja, jina sikuonyeshwa na sikuuliza. Jana yake alikuwa amepaka bakteria wa kwenye mkojo wa huyo mtu jeli nzima, akapanga visahani 6 vya karatasi vidogo kama kifungo, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake na kina herufi juu. Wakalala humo usiku kucha. Dawa inayofanya kazi inaacha duara safi kukizunguka kisahani chake, bakteria hawasogei.

Akanielekezea cha kwanza, kile cha ampisilini, pacha wa zile kapsuli zangu. Duara hakuna. Utando wa kijivu umeota mpaka kwenye ukingo wa karatasi, yaani wameigusa. Cha pili, wameigusa. Cha tatu kulikuwa na kaduara kembamba, shemeji akaweka rula, akatikisa kichwa. "Huyu mtu ameshakula dozi 2 kabla ya kuletwa hapa," akasema, "na yuko na homa mpaka sasa." Cha nne wameigusa. Cha tano kilikuwa na duara pana, jeupe, safi kabisa, na cha sita nacho. Akapima vyote viwili mara mbili, akaandika milimita zake kwenye fomu, akavua glavu akanawa, akachukua simu ya mezani kumpigia daktari wa wodini.